Kikombe cha Mzee Marhoun

Mzee Marhoun alikuwa na neno lake: bintiye haendi kuomba kazi ya uwakili peke yake. "N'takaa kwa wakili, ninywe kahawa yake mpaka akubali," alimwambia Ghanima asubuhi moja, akimenya chungwa huku akicheka. Wakati huo Ghanima alikuwa akimsaidia hakimu kuandika hukumu katika mahakama ya Ibra, Oman. Lakini kifo hakina miadi. Mzee alifariki kabla binti hajamaliza muda wake pale.

Basi mwaka ule wa 2003 Ghanima alikwenda peke yake Nizwa, kwenye ofisi ndogo ya kesi za madai. Wakili alimtazama, kisha akatazama kiti cha pembeni.

"Baba yako katangulia, sura zenu moja," alinong'ona. "Kakaa pale asubuhi nzima. Hasemi kitu. Kikombe hakutikisa. Katoka sasa hivi."

Kutikisa kikombe ndiko kusema basi, nimetosheka. Kahawa ilikuwa imejaa pomoni, haijaguswa. Pale kitini palinuka karafuu maiti, ile wanayopakwa wafu.

"Baba alikufa, bwana."

Mawakili hawaogopi kesi, lakini maiti ni habari nyingine. Alimrudishia vyeti vyake bila kumtazama tena.

Bidbid ikawa vivyo hivyo. Roho ilimuuma Ghanima: yule aliyempenda kuliko wote ndiye aliyekuwa akimfungia riziki.

Ikabaki Samail, kwa wakili Sleyum, rafiki wa marehemu tangu walipoishi Bujumbura. Ndiye aliyemwosha siku ya maziko.

"Shikamoo, ami."

"Marhaba, mwanangu." Sauti ikashuka. "Yumo ndani."

Ghanima akaingia naye, hakuona mtu. Kikombe tu, mezani. Na ile harufu.

"Kazi umepata," Sleyum akasema. "Wallahi umepata. Sasa mwambie, apumzike."

Ghanima hakutaka. Akimwambia, ataondoka. Akajifunika uso kwa mtandio, kikamtoka kilio alichokizuia msiba mzima.

"Baba, nimepata. Basi, baba."

Akalia kwa sauti. Kikombe kikatikisika. Kikatikisika tena. Kikatulia.

Alipofunua uso, harufu haikuwapo. Sleyum alikuwa ameinamia kikombe. Ndani ya kahawa, donge la pamba.

"Hii n'liiweka mimi," akanong'ona. "Kinywani mwake. Kaitoa apate kusema."

"Kasema nini, ami?"

"Kakwambia wewe, sikioni. Mimi nimeona midomo tu."

Wakati ule Ghanima alikuwa akilia. Hakusikia hata neno moja.