Kadi za Bibi Kwenye Boksi la Viatu

Kila Jumamosi asubuhi, chai ikishanywewa, Kidoti alifuta meza, akatandika gazeti kuukuu na kupanga vifuniko saba vya chupa. Ndani ya vifuniko hivyo Bibi alichanganya rangi za maji. Karatasi aliwaletea Mama kutoka kiwanda cha vitabu alikofanya kazi. Zilikuwa mabaki ya manila yaliyokatwa pembeni, membamba na marefu, kwa hiyo kadi zao zote zilikuwa nyembamba na ndefu. Mama aliwatania kwamba hawatengenezi kadi, wanatengeneza rula.

Kidoti aliitwa hivyo kwa sababu ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo wake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Bibi yake, mzaa mama, alikuwa mchora mabango. Kwa miaka thelathini alichora mabango ya maduka na saluni, na watu walisema mstari wake umenyooka kuliko ukuta wenyewe. Kisha akapatwa na kiharusi. Miguu ilimrudia, na akili yake haikutikisika hata kidogo, lakini mkono wa kulia ulibaki ukitetemeka.

Daktari alimshauri autumie mkono huo taratibu. Ndipo Bibi alipobuni kazi ya kadi. Kila mtoto aliyelazwa katika hospitali ya jirani angepata kadi ya kumtakia nafuu, ifungwe kwa uzi kichwani pa kitanda chake. Bibi alichora kuku. Kidoti alikunja karatasi, akaandika maneno ndani, kisha akazipeleka wodini, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Mambo yaliharibika mapema. Siku ya kwanza tu, Kidoti akiwa anafunga kadi, aliwasikia wasichana wawili wa darasa lake wakicheka. Walikuwa wamekuja kumwona mgonjwa.

"Huyu ni kuku au ufagio?" mmoja aliuliza.

"Kachora nani, mtoto wa chekechea?" akadakia mwenzake. Walipomwona Kidoti wakamuuliza, "Ni wewe?"

"Si mimi!" Kidoti alijibu harakaharaka. Uso ulimwaka kwa aibu. Hakusema kwamba ni kazi ya bibi yake. Walipoondoka, alizifungua kadi zote, akazificha ndani ya blauzi na kurudi nazo nyumbani.

Bibi alikuwa mlangoni akimngoja. "Haya, mjukuu wangu, wamesemaje wagonjwa wangu?"

Kidoti alimtazama, akakosa moyo wa kumwambia. "Wamefurahi sana, Bibi. Kuna mmoja amevunjika mguu, amefungwa plasta. Amekataa kulala mpaka kuku wako afungwe karibu na mto wake."

Mtoto huyo hakuwapo. Kidoti alimtunga palepale, na ulimi wala haukujikwaa.

Tangu siku hiyo, kadi za Bibi ziliishia kwenye boksi la viatu chini ya kitanda cha Kidoti. Yeye alichora zake, za maua na samaki, akazipeleka hizo. Kila Jumamosi Bibi aliulizia habari za mtoto wa plasta, na kila Jumamosi Kidoti alitia chumvi. Mtoto akapata mama mkali. Akapata kikohozi, kikapona. Mwisho akaomba achorewe kuku mwenye vifaranga.

Vifaranga hivyo ndivyo vilivyoleta balaa. Bibi alianza kujifunza kuvichora kila siku, tangu asubuhi hadi adhuhuri, akikaza vidole na kuuma meno. Mama aliporudi kutoka kazini alimkuta ameloweka mkono katika beseni la maji ya uvuguvugu. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba.

"Mama, daktari alisema taratibu," alimwambia. "Unajitesa hivi kwa sababu ya kadi?"

"Si kadi, mwanangu," Bibi alijibu. "Kuna mtoto ananisubiri. Tangu niugue, ni nani mwingine aliyenisubiri?"

Kidoti alikuwa akiosha vyombo karibu nao, na alisikia kila neno. Hata hivyo aliendelea kuosha.

Jumamosi ya nane, Bibi alitoka chumbani amevaa gauni lake zuri, fimbo mkononi. "Leo tunakwenda wote," alisema. "Nataka nimwone mgonjwa wangu kabla hajaruhusiwa."

"Ni mbali, Bibi."

"Dakika kumi zako ni nusu saa yangu. Tutafika."

Walifika. Muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye kila mtu alimwita Sista, aliwapokea kwa furaha. Bibi alisimama mlangoni akatazama vitanda, kimoja baada ya kingine. Kichwani pa kila kitanda palining'inia maua au samaki.

"Sista, kuku wangu mmewaweka wapi?" aliuliza akitabasamu.

"Kuku?" Sista alishangaa. "Sisi tunaletewa maua na samaki, Bibi. Mjukuu wako ana mkono mzuri kweli!"

Tabasamu la Bibi lilipungua. Alimgeukia Kidoti. "Yule wa plasta yuko kitanda kipi?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni mwa Kidoti. Ameruhusiwa jana. Maneno mawili tu, na yote yangekwisha. Lakini macho yake yaliangukia kile kifundo kilichovimba, kikitetemeka juu ya fimbo.

"Hakuna mtoto wa plasta, Bibi," alisema. "Nilimtunga. Kadi zako zote ziko chini ya kitanda changu. Watu walizicheka, nami nikazionea aibu."

Bibi hakugomba, na Kidoti aliona afadhali angegombezwa. Bibi alikaa kwenye benchi, akaomba maji, akanywa, kisha wakarudi nyumbani. Kwa siku tatu hakusogelea meza ya rangi. Kila asubuhi Kidoti alimwomba msamaha, naye alijibu, "Nimesikia," basi. Mama hakumtetea binti yake. Alimwambia tu ampe Bibi muda.

Siku ya nne, Kidoti aliporudi kutoka shuleni, alimkuta Bibi mezani. Boksi la viatu lilikuwa wazi na kadi zimetandazwa.

"Kaa hapa," Bibi alisema. "Leo unaniambia ukweli. Huyu ni kuku?"

Kidoti aliivuta kadi karibu. "Kichwa ni cha kuku, Bibi. Mwili hauonekani vizuri."

"Na huyu?"

"Huyu... hafanani na kitu."

Chozi lilimtoka Bibi, likashuka shavuni. Kidoti alitamani kuyarudisha maneno yake, lakini hakuyarudisha. Bibi aliishika kadi ile, akaileta karibu na macho.

"Kweli, hafanani na kitu," alisema. Akajifuta uso kwa upande wa khanga. "Sasa tuone. Mkono huu unatetemeka ninapovuta mstari. Je, nikikandamiza?" Aliweka kiganja juu ya meza, akakandamiza. Mkono ulitulia. "Lete kiazi na kisu kidogo."

Kidoti alikikata kiazi katikati, akakikausha kwa kitambaa na kuchora kuku mdogo juu yake. Bibi alimwelekeza: "Ondoa pembeni, kuku abaki amesimama. Usichimbe sana, atavunjika." Kisha Bibi mwenyewe alichanganya njano na tone la nyekundu, akakipaka kiazi, akakigeuza juu ya manila na kukandamiza kwa nguvu. Alipokiinua, kuku alikuwa ametokea, mdomo hadi mkia, mstari wake safi kabisa.

Kidoti aliangua kilio. "Nisamehe, Bibi. Niliogopa kukuumiza."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize, na usisahau utakapokuwa mtu mzima. Ukweli ungeniuma, hilo sikatai. Ila uongo wako ulinifanya niutese mkono mgonjwa siku nenda siku rudi kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo. Ungeniambia Jumamosi ile ya kwanza, ningelia siku moja." Alikipaka kiazi rangi upya. "Siku ya pili tungekata kiazi."