Mikebe ya Nyirinyiri Niliyojaza kwa Mikono Yangu

Nina miaka arobaini na sita, mama wa watoto wanne, mkazi wa Wabera hapa Isiolo. Nimechoka, wasomaji wenzangu... lakini acheni niseme.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kwenda Merti. Kila safari nilimfungia nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa na kuzamishwa kwenye samli yenye iliki ili isiharibike njiani. Kwetu mke hasemi anapenda. Anajaza mkebe. Ukirudi mtupu, amejibiwa.

Wangu ulirudi mtupu miaka kumi na mitatu!

Baadaye akaniomba niongeze. Eti mvua imeharibu barabara, lori linakwama. Safari moja alitaka mikebe miwili, samli iwe nyingi. Nilifurahi, mjinga mimi. Jirani alinitania kwamba nimemshika mume kwa tumbo.

Mwaka uliofuata akaniletea msichana wa miaka saba, mtoto wa jamaa yake wa Merti, alivyosema, aje asome mjini. Nikampakulia chakula cha mchana. Alionja, akatabasamu.

"Hii ni ile ya baba," akasema. "Hata mama alikula hii tu wakati alizaa mdogo wangu."

"Baba gani?"

Akamwonyesha mume wangu, aliyekuwa akinawa mikono mlangoni. Hakubisha.

Kumbe ile mikebe miwili ilimlisha mke mwenzangu siku arobaini za uzazi! Dini inamruhusu, sikatai... lakini kwa nini anifiche? Na kwa nini nimlishe mimi?

Nikamnyang'anya yule mtoto sahani. Hapo ndipo nilipokosa. Mwezi mzima sikumpakulia, alikula mabaki ya wanangu na hakuniuliza kitu. Baba yake akachoka kuona, akamrudisha Merti, na shule ikaishia hapo. Yeye mwenyewe akahamia huko. Hata kwaheri sikuambiwa.

Dada zangu, msiiachie sufuria iwasemee. Mume akiomba chakula cha watu wawili, muulizeni kwa mdomo anakula na nani. Na hasira ya mtu mzima msimpakulie mtoto, tafadhali.

Yule msichana sasa ni mke wa mtu. Nasikia akipata barua, hutafuta mtu wa kumsomea.