Ukurasa wa Pili wa Chiriku

Umewahi kufungua ukurasa kwenye kompyuta ukasubiri mpaka chai ikapoa? Ndivyo ulivyokuwa ukurasa wa maktaba ya shule aliotengeneza mjukuu wangu, tunayemwita Chiriku kwa jinsi asivyonyamaza. Kila jioni akitoka shule, akishavua viatu na kuviacha mlangoni ili nijikwae, huketi mezani kuushughulikia.

Vitabu ni maelfu, vinaonyeshwa ishirini ishirini. Ukitaka ukurasa wa pili, kompyuta inavipanga vyote upya ndipo ikupe hivyo ishirini. Ukitaka wa tatu, inavipanga tena!

"Nimepata dawa," akasema Chiriku. "Ukurasa ukishapangwa mara moja, naweka nakala akiba. Anayefuata anapewa nakala."

Kweli, ukawa unafunguka kufumba na kufumbua. Lakini kesho yake alirudi amenuna, mdomo umetangulia pua. Wenzake wakichagua vitabu vipangwe kwa majina ya waandishi, ukurasa wa pili unawajia umepangwa kwa majina ya vitabu. Mwalimu amesema usiporekebishwa kufikia kesho, ataufunga.

"Ni mtandao wa shule," akasema.

"Mtandao!" nikamwambia. "Tangu lini mtandao ukapanga vitabu?"

Mama yake, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo ya kutengeneza tovuti, akauliza, "Nikusaidie?"

"Sitaki! Watasema nimetengenezewa."

Nikachoka nao. Nikachota sukari koponi, nikakoroga chai yangu, nikapiga funda moja. Chumvi! Chiriku alikuwa ameosha makopo ya jikoni akabandua karatasi zenye majina.

"Wewe mtoto! La sukari nitalijuaje?"

"Si unaonja tu, bibi."

"Nionje kila kopo kila siku?"

Mama yake akacheka hadi machozi. "Chiriku, nakala zako umezipa majina gani?"

"Ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili..."

"Umepangwa kwa majina ya nini?"

Chiriku kanyamaza! Kisha akaurukia ubao wa herufi. Kila nakala akaipa jina la mpangilio wake pamoja na namba ya ukurasa. Akajaribu: waandishi, ukurasa wa pili. Waandishi hao!

"Na kitabu kipya kikiingia," mama yake akasema, "nakala za zamani zifutwe, zitengenezwe upya. Lakini mwanangu, kosa ukimsingizia mwingine halirekebishiki, maana hakuna anayelitafuta lilipo."

Chiriku akainama, akachezea ukingo wa meza.

"Haukuwa mtandao," akasema. "Na mama... nilitaka unisaidie tangu mwanzo."