Kano ya Kidole cha Tabea

Kila asubuhi Tabea alitoka nyumbani kwao Makambako wakati ukungu bado umelala juu ya barabara ya Njombe. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na shule yao ilikuwa ng'ambo ya mwinuko mrefu. Hakupenda kuharakisha. Alipenda kusikiliza malori yakija ndani ya ukungu: kwanza mngurumo, kisha taa mbili hafifu, halafu lori zima likipita polepole na kutoweka tena. Moyoni mwake malori yale hayakuwa yakienda Njombe wala Songea. Yalikuwa yakienda mahali pasipo na ardhi, mawinguni tu.

"Wewe Tabea, unalala huku unatembea," rafiki yake Juliana alizoea kumwambia. "Tutachelewa!"

Asubuhi moja ya Juni, lori lililobeba magunia ya chumvi liliwapita likipanda mwinuko kwa shida. Walimu walikuwa wamewakataza watoto kudandia malori. Tabea alijua hivyo, lakini miguu yake ilikwisha kuanza kukimbia. Alishika ubao wa nyuma kwa mikono miwili, akaning'inia.

"Achia! Tabea, achia!" Juliana alipiga kelele.

Tabea alikuwa amefumba macho. Upepo baridi ulimpiga usoni, akajiona kama anaelea. Ghafla lori likaruka shimo. Mkono wake wa kushoto ulibanduka, na uzito wote ukabaki kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Ndani ya kidole cha pete kitu kikalia kama kijiti kikavu kinapovunjika. Akaanguka barabarani.

Jioni, mama yake, Dorkasi, aliacha kumenya viazi akautazama mkono ule, kidole cha pete kikiwa kimevimba.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nilibanwa na mlango wa darasa."

"Nani aliufunga?"

Tabea hakuwa amefikiria swali hilo. Jina la kwanza lililomjia mdomoni ni lile alilolitaja kila siku. "Juliana."

"Basi mtoto huyo asikanyage tena hapa kwangu," mama alisema kwa hasira.

Tangu siku hiyo mama alikikanda kidole kila jioni kwa maji ya moto, akikivuta kwa nguvu ili kinyooke. Uvimbe ulipopungua, Tabea alirudi kuchota maji. Lakini kila aliposhika ndoo kidole kilimchoma, na vidole vikaachia. Aliona pia jambo la ajabu: alipokaza kidole, kitu kiliinuka chini ya ngozi, upande wa kiganja, kama kamba iliyovutwa. Je, mkono ungekuwa hivyo maisha yake yote? Barabarani Juliana alitembea peke yake mbele, kivuli tu ndani ya ukungu. Hakumsema Tabea kwa mtu yeyote. Hakugeuka nyuma pia.

Mwishowe mama alimpeleka kwenye zahanati ya misheni, Njombe. Mganga aliitwa Bwana Manase, mtu mpole aliyeongea taratibu. Alikigeuza kidole mara kadhaa.

"Mlango huchubua ngozi na kufanya kucha kuwa nyeusi," alisema. "Kucha hii haijaguswa. Hebu niambie, binti yangu, siku ile kidole hiki kilikuwa kimeshika nini?"

Tabea alimtazama mama, kisha akatazama sakafu. Machozi yakamlengalenga. "Kilikuwa kimeshika lori," alisema. Akaeleza yote.

Mama alishika mdomo. Bwana Manase hakumgombeza. Alikunja mkono wa shati lake, akaweka kiganja cha Tabea karibu na kiwiko chake mwenyewe, kisha akakunja vidole vyake. Tabea alihisi kitu kikisogea chini ya ngozi, kama samaki anayegeuka majini.

"Misuli inayokunja vidole inakaa huku," alisema Bwana Manase. "Inavuta vidole kwa kano, nazo ni kama kamba. Kidoleni kano hupita ndani ya vitanzi vigumu, kama mkanda wangu unavyopita kwenye vitanzi vya suruali. Kitanzi kikikatika, mkanda hutuna nje. Kano yako ni nzima, ila kitanzi chake kimepasuka. Kukivuta kidole na kubeba ndoo kumekizuia kitanzi kupona."

Alikata ukanda mwembamba wa bendeji, akauzungusha sehemu ya chini ya kidole kama pete, ili kano ibaki karibu na mfupa. "Kikunje polepole kila siku. Usibebe kitu kizito mpaka nikuruhusu. Huenda nguvu zisirudi zote, lakini utaandika na utasuka."

Walipofika Makambako, mama hakuelekea nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa kina Juliana.

"Juliana, mwanangu," alisema mlangoni, "nilikufukuza kwangu bila kukuuliza lolote. Nisamehe."

Tabea alijikaza. "Mimi ndiye niliyedanganya. Nisamehe na mimi. Kwa nini hukusema ulichokiona?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme," alijibu Juliana. Akaushika mkono ule kwa uangalifu, akaitazama bendeji.

Baada ya miezi michache Bwana Manase aliifungua bendeji kwa mara ya mwisho. Tabea alikunja kidole, kamba haikuinuka. Mama alikigusa mwenyewe, akatabasamu.

"Umeona, mwanangu?" alisema. "Jioni zile zote nilikuwa nakukanda kwa upendo, na bado nilikuwa nakuumiza, kwa sababu sikujua kweli. Ukiumia, sema ulivyoumia, hata kama kosa ni lako. Hasira yangu itapita. Lakini kidole kibovu ungebaki nacho maisha yako yote."