Mgeni wa Kwenye Matumbawe

Mifereji ya mtaa wa Fedha, Nairobi, ilikuwa imekauka wiki nzima, lakini pipa la bafuni kwa Mulama lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Alichovya kidole, akaonja. Chumvi!

"Nani ameleta maji?"

"Mimi," mkewe Phelister alijibu haraka mno, akaendelea kukata sukuma.

Mulama si mjinga. Tangu mkewe arudi kutoka Pwani, ambako yeye na wenzake wa ofisini walikwenda kujifunza kuzamia kwenye kisiwa kilichokingwa na matumbawe, nyumba ilinuka udi na mwani. Sebuleni alikuta nyayo za maji, ndefu kuliko zake. Juzi, akipanda ngazi, alisikia vicheko viwili. Alipoingia, Phelister alikuwa peke yake. Kuna mwanamume hapa, alijiambia kwa wivu.

Jumamosi alijifanya ameenda kazini, kisha akarudi akinyata. Mlango wa bafu ulikuwa wazi kidogo. Phelister alikuwa ameinamia pipa akiongea na maji, na maji yalikuwa yakimjibu kwa sauti ya mwanamke, polepole, yakitoa mapovu, na kila povu lilipopasuka harufu ya bahari ilimpiga Mulama usoni, mpaka akashika ukuta, akimwita Yesu bila sauti kutoka.

"Phelister," alinong'ona. "Huyo nani?"

Mkewe aliangua kilio. "Nisamehe, Mulama. Kule chini baharini miwani yangu ya kuzamia iliingia maji, nikashtuka. Mwanamke mmoja akanishika mkono akanipandisha juu. Nikadhani ni mwalimu! Nikamwambia asante dada, ukija Nairobi karibu kwangu Fedha. Si ni vile tu watu husema? Kugeuka, naona hana mtungi wa hewa."

Haya basi! Sisi wa Nairobi tunakaribisha kila mtu huku tukiomba Mungu asije. Huyu alikuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone? Wapi!

Mulama alimkimbilia jirani wa chini, Mama Ardo, anayewasomea dua watu wenye majini. Mama huyo alifika mlangoni akagoma kuingia.

"Kisomo hakitamtoa," alisema. "Hakuvamia, alialikwa. Aliyemwalika ndiye amuage, tena kwa heshima. La sivyo utampoteza mkeo."

Phelister alifuta machozi, akapiga magoti kando ya pipa. "Dada, asante kwa kunitembelea. Sasa rudi kwenu salama."

Maji yakanong'ona. Phelister akainuka.

"Amekataa?" Mulama aliuliza.

"Amekubali. Anaondoka sasa hivi." Alivua patipati zake miguuni. "Lakini anauliza, kwani kwetu mgeni hasindikizwi?"

Mulama aliruka akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Mikononi alibaki na gauni tupu, limelowa chepechepe. Ndani ya pipa alimsikia mkewe akipumua, taratibu, vile alivyofunzwa, akizidi kwenda mbali.