Ubavu wa Kulia

"Nauliza mara ya mwisho, mama. Kuna dawa yoyote anayotumia mgonjwa? Ya dukani, ya hospitali, ya kienyeji?"

"Hakuna, Dakta," akajibu Scolastika, macho yake chini.

Ilikuwa mara ya tatu kuulizwa na mara ya tatu kudanganya. Dakta Theonest akaandika, akafunga faili.

Mgonjwa alikuwa mumewe, Bujiku. Walimleta juzi kwa lori la pamba kutoka Nyasubi, Kahama, amejikunja kwa maumivu, kwa sababu hospitali hii ya misheni ilikuwa na mashine mpya ya kuona yaliyomo tumboni bila kumpasua mtu. Mashine ilionyesha jipu kubwa kwenye ini. Dakta aliwaeleza taratibu, kama anayefundisha darasa: Bujiku asile wala kunywa tangu usiku, atakuwa macho, atachomwa ganzi tu, akiambiwa asipumue, asipumue, maana ini hupanda na kushuka na pumzi. Mashine ingeonyesha njia, na sindano ndefu ingekwenda moja kwa moja kwenye usaha na kuunyonya. Hatari nayo hakuificha. Ini limejaa damu, na mtu ambaye damu yake haigandi anaweza kuvujia ndani kwa ndani huku watu wakidhani amelala. Ndiyo maana aliuliza habari za dawa.

Maneno hayo yalimkata Scolastika maini. Kwenye pindo la kanga yake kulikuwa na unga wa kijivu umebaki kidogo.

Yote yalianza na barua ya Maige, mchimbaji mwenzake Bujiku huko machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu. "Shemeji," aliandika, "njoo umchukue mumeo. Kuna mwanamke anaitwa Chausiku anampikia na kumfulia." Scolastika alilia siku mbili. Siku ya tatu Bujiku akarudi mwenyewe na begi lake. Lakini aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Hacheki, chakula anaacha nusu, kitandani anampa mkewe mgongo. Scolastika, huyo huyo anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia, akaenda kwa bibi mmoja nyuma ya soko akapewa limbwata. Chembe kidogo kwenye uji, kila asubuhi. Kadiri mume alivyozidi kupoa, ndivyo mke alivyozidisha chembe. Mwezi mzima.

Sasa nesi Paskalina alikuwa anasukuma kitanda kuelekea chumba cha picha. Mama mkwe, Mayu kama walivyomwita wote nyumbani, alisimama mlangoni na rozari mkononi. Scolastika akabaki ukutani. Akisema, ndoa imekufa, na binti yake Serafina atabaki kwa baba. Akinyamaza, huenda anayekufa ni Bujiku. Mlango ulipofungwa, akakimbia akausukuma.

Dakta alikuwa tayari ameshika sindano.

"Usimchome, Dakta."

"Mama, toka nje."

"Nimekudanganya. Nimekuwa nikimwekea dawa kwenye uji. Hata jana asubuhi nimemwekea."

"Dawa ya nini?"

Scolastika alitazama ukuta, akatazama mashine, mwisho akamtazama mumewe. "Ya kumfanya anipende."

Bujiku aligeuza kichwa kwenye mto akamwangalia kama mtu asiyemfahamu. Nyuma ya mlango rozari ya Mayu ikaanguka sakafuni.

Dakta aliweka sindano chini. Aliunusa ule unga aliofunguliwa kwenye pindo la kanga, akasema haujui. Kisha akamtoboa Bujiku kidogo kwenye ndewe ya sikio, akawa anagusisha karatasi kila nusu dakika huku anaangalia saa. Kwa kawaida, alisema, damu hukoma kabla ya dakika ya saba. Dakika ya kumi na tano karatasi ilikuwa bado nyekundu.

"Sijui kama ni huu unga au ni ini lenyewe," akasema. "Lakini ningechoma leo, angevuja hivi hivi ndani na nisingeweza kuzuia."

Kuchoma kukaahirishwa hadi kesho. Angepewa sindano za kusaidia damu kuganda, pamoja na damu mbichi ya ndugu. Ila Dakta hakuwapa matumaini ya bure: ukuta wa jipu ulikuwa umebaki kama ganda la yai, na likipasukia tumboni kabla ya kesho, asingekuwa na la kufanya.

Kwenye baraza Mayu hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mwanangu umempika kama mboga," alisema. "Apone, asipone, mtoto unamwacha. Unarudi kwenu Ushirombo."

"Sawa, Mayu."

Walipimwa damu. Ya Mayu ilikuwa haba, ya Scolastika ikalingana. Akalala kwenye kitanda cha chuma akiangalia chupa inavyojaa, akatamani wachukue yote.

"Kwanza anamharibia damu, sasa anampa yake," alisema Mayu, na Paskalina akamwomba anyamaze.

Mchana ule Bujiku hakutamka neno. Paskalina alipomuuliza kama mkewe aingie, aliangalia ukuta. Scolastika akakaa sakafuni kwenye baraza hadi kukapambazuka, bila kula wala kusali, maana hakujua aanze kuomba nini. Kila nesi alipotoka kwa haraka alidhani jipu limepasuka. Alimpenda mtu yule hadi akakaribia kumuua, na hilo hakuwa na wa kumwambia.

Asubuhi damu ya sikioni ilikoma dakika ya sita. Wakamwingiza.

Scolastika aliegemea mlango. Ndani sauti ya Dakta ilikuwa tulivu: "Vuta pumzi. Ishike. Usipumue." Naye nje akaishika yake, hadi giza likamwingia machoni. Mara tatu Dakta alisema hivyo. Baadaye Paskalina akatoka na chupa ya maji mazito ya kahawia, kama tope la machimboni, zaidi ya lita moja.

"Limetoka," akasema.

Walimrudisha wodini. Dakta aliagiza alalie ubavu wa kulia kwa muda wa saa sita, uzito wa mwili ukandamize palipochomwa, asinyanyuke hata kwenda chooni. Akipata kizunguzungu, jasho la baridi, au bega la kulia likianza kuuma, aitwe mara moja. Akauliza nani atakaa naye.

"Mimi," akasema Mayu.

"Mama Sera," akasema Bujiku. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu jana.

Wakamgeuza taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu atoke machimboni, uso wake ukawa mbele ya uso wa mkewe.

"Ulianza lini kuniwekea?"

"Wiki ya pili tangu urudi."

"Basi sikurudi kwa dawa." Akapumzika kidogo. "Chausiku ni kweli. Sitakuficha. Nilimwacha, nikapanda gari, nikaja kwako. Hakuna aliyenituma."

Ilimuuma Scolastika, na aliiacha imuume. "Mbona ulinipa mgongo, Baba Sera?"

"Nilikuwa silalii ubavu huu. Nikiugusa tu napiga kelele. Nikaona nikuache ulale."

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniuliza."

Akalia kwenye ukingo wa godoro, na Bujiku hakumnyamazisha.

Zile saa sita zilipotimia, Paskalina akaruhusu uji. Mayu alikuwa na wake kwenye chupa ya chai. Scolastika aliupika wake kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, mbele ya wanawake wote. Akamimina kikombe, akakiinua auonje kwanza, kama inavyompasa mtu aliyetiliwa shaka. Wodi nzima ilikuwa inatazama.

Bujiku akamshika kiganja. "Usionje. Lete."

Akanywa hadi chini, akarudisha kikombe.

"Hauna sukari," akasema.

Mayu aliitoa chupa yake mapajani, akaiweka chini. Kisha akamwangalia mkwewe usoni kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sukari iko kwenye kikapu changu," akasema. "Kachukue."