Ukurasa wa Tatu wa Mkataba

Kila alasiri akitoka shule, binti wa fundi cherehani aliweka mfuko wake chini ya meza ya kukatia, akafagia vipande vya vitambaa, kisha akamsomea mama yake vikaratasi vya wateja: nani anataka gauni, nani anataka suruali ipunguzwe. Mama aliishia darasa la pili. Tarakimu alizimudu vizuri, lakini herufi zilimpiga chenga. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa akimsomea kila kitu, na mama alimwita Karani. Wateja wakalidaka jina hilo, na kichwa cha mtoto kikavimba.

Waliishi katika chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya kibanda cha ushonaji. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee mpole mwenye miwani, alikuwa anauza nyumba ndogo ya vyumba viwili. Benki hazikuwa na habari na mama, ila mzee alikubali kulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka minne. Mama hakutaka kuhamia humo. Alitaka kuipangisha, kodi isaidie kulipia nyumba, na baadaye ada ya sekondari ya mwanawe itoke humo humo.

Siku ya mkataba, Karani alisoma kwa sauti mbele yao. Kurasa mbili za kwanza hazikumsumbua. Kwenye ukurasa wa tatu alikutana na "kubatilika" na "kupoteza haki", katika sentensi ndefu isiyo na pa kupumulia. Aliisoma kwa mbwembwe bila kuelewa kitu. Mama akauliza ukurasa huo unasema nini hasa. Mzee alikuwa akimtazama juu ya miwani, na mtoto akaona aibu.

"Ni maneno ya kawaida ya mikataba, mama," alisema.

Mama akachovya dole gumba kwenye wino, akatia alama.

Mwaka mmoja na nusu ulikwenda vizuri. Kinyozi mmoja alipanga nyumba ile na alilipa bila kusukumwa. Kisha mvua zikaanza, paa likavuja, na kinyozi akasema atahama. Mama hakuwa na pesa nyingine ila zile za malipo ya mwezi huo.

"Karani wangu," alisema, "ule mkataba unasemaje tukiruka mwezi mmoja?"

Mkataba ulikuwa sandukuni, hatua tatu tu kutoka alipoketi. Lakini kuutoa kungekuwa kukiri kwamba siku ile hakuelewa, na Karani hakuwa tayari kujishusha.

"Haina neno, mama. Tutalipa mara mbili mwezi ujao."

Mabati waliyanunua katika duka la mzee yule yule. Mama alimweleza kwamba malipo yatachelewa. Mzee aliitikia kwa kichwa, akasema nyumba isiachwe ikaoza, akawatafutia hata mkokoteni wa kubebea. Karani alimwona mtu mwema sana.

Mwezi uliofuata mama alimpelekea malipo ya miezi miwili. Mzee hakuyapokea. Alifungua ukurasa wa tatu, akausoma polepole. Mnunuzi akikosa kulipa mwezi mmoja, mkataba unabatilika, yaani unakufa, na yote aliyokwisha kulipa yanahesabiwa kuwa kodi. Kuanzia siku hiyo kinyozi angemlipa yeye. Hakupandisha sauti hata kidogo.

Mama akamgeukia mwanawe. "Ndivyo ilivyoandikwa siku zote?"

Karani alitazama sakafu. "Niliisoma, mama, ila sikuielewa."

Walikwenda kwa mwanasheria mmoja, mama wa makamo aliyewasaidia bure wasio na uwezo. Aliusoma mkataba mara mbili, akavua miwani yake, akajifuta uso.

"Amewaonea," alisema, "lakini amewaonea kwa karatasi, na alama ya kidole ni yako, dada yangu."

Hata hivyo alimwita mzee, akamkalia kooni wiki tatu. Hatimaye mzee alirudisha bei ya mabati na ujira wa fundi wa paa, na hakuongeza hata senti. Shauri likafungwa. Nyumba ilibaki yake, ikiwa na paa jipya.

Njiani Karani alilia, akamwomba mama amchape. Mama aliketi kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, akamweka karibu.

"Sikukupa kazi ya kujua kila kitu," alisema. "Nilikupa kazi ya kuniambia ukweli. Ungesema hujui, tungetafuta mtu wa kutueleza, tukapoteza asubuhi moja. Uliponiambia haina neno, tumepoteza nyumba. Kutojua si kosa, mwanangu. Kosa ni kujifanya unajua wakati mtu amekuamini."

Karani aliitikia kwa sauti ndogo. Kisha mama akasema kwamba naye ana lake, maana alimbebesha mtoto mzigo wa mtu mzima.

"Jumatatu naanza darasa la watu wazima," alisema. "Karatasi zangu nitazisoma mwenyewe."

Aliyasema hayo bila hasira, akasimama, akakung'uta vumbi kwenye nguo. Karani alimfuata nyuma, na moyoni alitamani angechapwa tu.